Mbwa wako na jua la Isiolo: Tiba ya Kichina ina lipi la kutufaa?

UKITEREMKA kutoka Timau kuelekea Isiolo katika mwezi wa Februari, utavua sweta kabla hujaipita njia panda ya Subuiga. Timau iko juu kwenye miteremko ya Mlima Kenya, penye baridi ya kutosha kulima ngano. Isiolo iko chini, kiasi cha mita 1,100 tu kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Januari hadi mvua za Machi na Aprili zinyeshe, jua lake halina mzaha. Wewe unavua sweta. Mbwa uliyemtia nyuma ya gari hana la kuvua.

Makala haya yanamhusu mbwa huyo, pamoja na mwenzake anayeshinda kwenye mnyororo langoni mwa ploti, Bulla Pesa au Kulamawe, akilinda mali ya mwenyewe. Wengi wetu mjini hufuga mbwa kwa kuwaogopa wezi, wala hatukai chini kufikiria afya yake mpaka siku atakapokataa chakula. Wakati wa kiangazi siku hiyo huja ghafla. Mbwa aliyekuwa akibweka asubuhi huweza kuwa mfu kabla ya alasiri, na watu wakasema amelishwa sumu.

Huko Marekani na Ulaya, na bila shaka Uchina kwenyewe, wako madaktari wa mifugo wanaofuata mafundisho ya jadi ya Kichina katika kumsaidia mbwa avuke miezi ya joto. Wao husema mbwa huyo amepoteza mizani yake. Je, elimu hiyo ina faida kwa mtu wa Isiolo? Ninaamini kwamba sehemu yake inatufaa sana, sehemu nyingine haituhusu, na sehemu ya tatu ni hatari. Tuzitazame zote.

Mwili wa mbwa

Kwanza tuelewe namna mbwa anavyojipoza. Mimi na wewe hutoka jasho mwili mzima, na jasho hilo likikauka hutuondolea joto. Mbwa ana tezi chache za jasho kwenye nyayo zake, nazo hazimsaidii kitu. Tegemeo lake ni kuhema. Hutoa ulimi nje, akavuta na kutoa pumzi haraka haraka, na maji yaliyomo mdomoni, puani na ulimini hukauka na kuondoka na joto la damu. Kwa hiyo mbwa anayehema anatumia maji ya mwilini mwake kila dakika. Maji hayo yakimwishia, mtambo wake wa kupoza umezimika.

Joto la kawaida la mbwa mwenye afya ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, yaani amekuzidi wewe kidogo. Usimguse kwa kiganja ukasema ana homa. Akifika nyuzi 40 kwa sababu ya jua ni wakati wa kuchukua hatua. Akifika 41 maisha yake yamo hatarini, kwani ubongo, figo, ini na utumbo huanza kuharibika, na damu yenyewe hupoteza uwezo wake wa kuganda ipasavyo.

Si mbwa wote wanaoumia sawa. Koko wetu wa kienyeji, mwembamba, mwenye manyoya mafupi na pua ndefu, hustahimili kuliko mbwa mkubwa wa Kijerumani aliyenunuliwa Nairobi akaletwa hapa kulinda duka. Mbwa wanene, wazee, wenye ugonjwa wa moyo na wale wa pua bapa ndio wanaoumia kwanza. Mbwa mgeni huhitaji majuma kadhaa kuzoea joto. Ikiwa umemleta kutoka Nyeri au Limuru, usimtie kazini siku ya pili.

Wachina wanasemaje?

Tiba ya wanyama huko Uchina ni ya kale mno. Wanamtaja Sun Yang, ambaye watu humwita Bole, aliyeishi karibu karne ya 7 kabla ya Kristo, kuwa ndiye mjuzi mkubwa wa farasi. Mwaka 1608 ndugu wawili, Yu Benyuan na Yu Benheng, walitoa kitabu cha kutibu farasi ambacho kilikuja kutumiwa kwa karne nyingi, na ambacho huchapishwa pamoja na sehemu za ng'ombe na ngamia. Naam, ngamia! Mfugaji wa Garba Tula angepata la kuzungumza na mabwana hao. Lakini angalia kwamba elimu hiyo ilihusu wanyama wa kazi na wa vita. Mbwa aliingizwa baadaye sana. Ramani nyingi za kumchoma mbwa sindano, yaani akupancha, zilitungwa katika karne ya 20 kwa kuhamisha alama za mwili wa binadamu na kuzipachika kwenye mwili wa mbwa. Chama cha kimataifa cha madaktari wa mifugo wanaotumia akupancha kiliundwa Marekani mwaka 1974. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba tiba ya mbwa ya Kichina ina umri wa miaka 3,000, mwambie atenganishe mbwa na farasi.

Msingi wa mafundisho yenyewe ni huu. Kila kiumbe ana pande mbili ndani yake. Yini ni upande wa ubaridi, unyevu na utulivu. Yangi ni upande wa joto, ukavu na mwendo. Afya ni pande hizo kulingana. Isitoshe, majira ya mwaka yamegawanywa baina ya vitu vitano: mti, moto, ardhi, chuma na maji. Majira ya joto ni ya moto, na kiungo cha moto ni moyo, na dirisha la moyo ni ulimi. Ndiyo maana daktari wa Kichina humfungua mbwa mdomo kabla ya jambo lingine lolote, kisha hupapasa mshipa wa damu ndani ya paja lake. Ulimi mwekundu kupita kiasi, kiu, kutotulia usiku, kubweka ovyo na kutafuta sakafu yenye ubaridi ni dalili kwamba yangi imezidi. Mbwa mzee aliyekonda, mwenye manyoya makavu, anayehema usiku ingawa jua limetua, huyo kwao amepungukiwa na yini.

Wenzetu wa Lamu, Mombasa na Unguja hawatashangaa. Wao nao tangu zamani hugawa vyakula na maradhi kuwa ya joto na ya baridi, elimu iliyowafikia kwa mikono ya matabibu wa Kiarabu waliosoma vitabu vya Wagiriki. Mama wa pwani akikukataza chakula fulani kwa kuwa ni cha joto, hamaanishi joto la sufuria. Mchina naye hamaanishi joto la sufuria.

Sasa tatizo la kwanza. Mafundisho hayo yaliandikwa na watu wenye majira manne, ambao kiangazi chao ni Juni hadi Agosti. Isiolo imekaa karibu juu ya mstari wa ikweta. Juni na Julai kwetu si miezi ya joto kali. Februari na Machi ndiyo yenyewe. Kalenda yao haitufai, na yeyote anayeinakili kutoka kwenye kijitabu cha kigeni anampa mbwa wake dawa ya msimu usiokuwapo.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nalo sijaona likitajwa. Joto la majira hayo katika sehemu nyingi za Uchina ni la unyevu, kama la Mombasa. Hewa imejaa maji, jasho halikauki, na mbwa huhema bila kupoa. Kwa sababu hiyo matabibu wao hutumia vyakula na mizizi ya kukausha unyevu mwilini. Isiolo hakuna unyevu wa kukausha! Hewa yetu ya Februari ni kavu kiasi kwamba nguo zilizofuliwa hazimalizi saa moja kwenye kamba. Hii ni neema na balaa kwa wakati mmoja. Ni neema kwa kuwa mbwa akihema hapa, au akimwagiwa maji, hupoa vizuri kuliko mbwa wa Mombasa. Ni balaa kwa kuwa hukauka upesi, wala hatambui mpaka amechelewa. Kwa lugha ya Wachina wenyewe, mbwa wa Isiolo ana joto pamoja na ukavu, na anachohitaji ni kulainishwa. Mtu akikuuzia dawa ya kuondoa unyevu, anamtibu mbwa wa mji mwingine.

Chakula cha kupoza

Hapa ndipo penye faida. Wachina huhesabu nyama ya kondoo na ya mbuzi kuwa ya joto sana. Kuku ana joto kiasi, ng'ombe yuko katikati au amezidi kidogo, na sungura na bata ni wa baridi. Katika mboga na matunda, tango, tikiti maji na mchicha ni vya baridi. Nao hupenda mno ndengu, zile ambazo watu wa pwani huziita pojo na Watanzania choroko. Katika majira ya joto, familia za Kichina huchemsha ndengu zikawa supu nyepesi, wakainywa ili kujipoza.

Sasa fikiria chakula cha mbwa wa Isiolo. Ni ugali mkavu na mabaki ya mbuzi, na baada ya hapo mabaki ya mbuzi na ugali mkavu. Kwa hesabu ya Kichina huko ni kumwagia moto mafuta ya taa.

Je, sayansi inakubali? Katika maabara hakuna aliyeona yini wala yangi. Hata akupancha, ambayo imechunguzwa zaidi, bado haijajitetea vya kutosha: mwaka 2006 watafiti wa Uingereza waliyapitia majaribio yaliyofanywa kwa wanyama wa kufugwa, wakasema ushahidi hautoshi kuipendekeza wala kuikataa kwa ugonjwa wowote. Lakini tazama vyakula hivyo vyenyewe. Zaidi ya sehemu 90 katika 100 za tango na tikiti maji ni maji matupu. Supu ya ndengu ni maji yenye virutubisho. Mbwa anayevila anakunywa bila kujua. Pengine hiyo ndiyo siri yote, na ikiwa ndiyo, bado ni siri nzuri kwa mji mkavu.

Kwa hiyo fanya hivi. Chemsha ndengu zako mpaka ziive kabisa na kupondeka, bila chumvi, bila viungo na bila kitunguu. Kwa mbwa wa kilo 20, kikombe kimoja cha supu hiyo kikimiminwa juu ya ugali kinatosha. Anza na nusu kikombe, kwani tumbo lisilozoea ndengu hujaa gesi. Usiiweke badala ya nyama. Mbwa anahitaji nyama yake, japo kidogo. Vipande vya tikiti au tango, bila mbegu wala ganda gumu, ni kitafunio kizuri mchana. Chakula kikubwa mpe alfajiri au baada ya magharibi, kwani kusaga chakula nako huzalisha joto mwilini.

Kitunguu nimekitaja makusudi. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe za damu za mbwa, viwe vibichi au vimepikwa. Zabibu na chokoleti pia ni sumu kwake. Mifupa iliyochomwa hupasuka kama vigae na kumtoboa utumbo. Mabaki ya karamu ya nyama choma siyo zawadi unayoidhania.

Liko fundisho moja la Kichina ambalo naomba usilifuate hapa Isiolo bila jiko. Husemwa kwamba kiungo hutibu kiungo: moyo wa mbwa ukiwa dhaifu mpe moyo wa mnyama, na ini kwa ini. Baadhi ya wafuasi wa siku hizi huko ng'ambo huvitoa vikiwa vibichi. Katika nchi ya wafugaji huko ni kuyaalika maradhi. Mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia wetu huweza kuwa na vifuko vya maji ndani ya maini na mapafu. Vifuko hivyo vina viluwiluwi vya mnyoo tegu mdogo sana. Mbwa akila ini hilo bichi, minyoo hukomaa utumboni mwake, na mayai hutoka na kinyesi na kushika manyoya. Mtoto akimpapasa mbwa kisha akala bila kunawa, humeza mayai hayo. Miaka inapopita, uvimbe uliojaa maji hukua ndani ya ini lake, na mara nyingi huhitaji kupasuliwa. Turkana ilipata sifa mbaya duniani kwa ugonjwa huu, na AMREF ilianza kazi ya kupambana nao huko mwaka 1983. Mbwa mwenye minyoo hiyo haonyeshi dalili yoyote.

Basi, ukipewa viungo na mchinjaji, vichemshe nusu saa au zaidi mpaka katikati pasiwe na rangi ya damu. Vyenye vifuko usivichukue kabisa; vichomwe au vizikwe kwa kina ambacho mbwa hatafukua. Mwulize daktari wa mifugo kuhusu dawa ya minyoo tegu, kwani dawa nyingi za kawaida za minyoo haziiui.

Tembe na mitishamba

Unaweza kuona tembe za Kichina zikiuzwa madukani mijini, zenye maandishi usiyoyasoma. Nasema wazi: usimpe mbwa. Baadhi ya mitishamba ya Kichina ina nguvu za kweli, ndiyo maana ina hatari za kweli. Efedra huongeza mapigo ya moyo na joto la mwili, kinyume kabisa cha unachokitaka. Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwa virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004. Mizizi ya akoniti huweza kusimamisha moyo isipotayarishwa na mjuzi. Hata baadhi ya tembe za zamani za kutuliza moyo, zile hasa ambazo zingeandikiwa mbwa asiyetulia wakati wa joto, zilitengenezwa kwa madini yenye zebaki.

Vivyo hivyo na vidonge vya kwetu. Paracetamol, ibuprofen na diclofenac za binadamu ni hatari kwa mbwa. Isitoshe, hazishushi joto lililoletwa na jua, kwa sababu si homa.

Katika Kenya anayeruhusiwa kumtibu mnyama ni yule aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo chini ya sheria ya mwaka 2011. Mtu anayetaka kumchoma mbwa wako sindano za akupancha akuonyeshe kwanza cheti hicho. Nikiongeza neno moja nje ya mada: biashara ya dawa za Kichina haijawa na huruma kwa wanyama wetu siku zote. Machinjio ya punda yaliyofunguliwa nchini kuanzia 2016, ili ngozi zikatengenezewe dawa iitwayo ejiao, yaliwafanya wafugaji wengi walalamike kuibiwa punda, hata mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuizuia biashara hiyo ya ngozi barani. Elimu yaweza kuwa nzuri na soko lake likawa baya.

Kivuli, maji na lami

Turudi langoni. Kosa linaloua mbwa wengi wa ulinzi ni mnyororo mfupi. Saa tatu asubuhi mbwa yuko kivulini, mwenyewe akaenda kazini akiwa na amani. Lakini kivuli huhama. Saa saba mchana kivuli kiko upande wa pili wa ukuta na mbwa yuko juani, na bakuli lake la plastiki lina maji ya moto au limepinduka. Kabla hujamfunga, simama mahali hapo saa nne, saa saba na saa tisa siku ya mapumziko uone jua linakopita. Kama huwezi kumpa kivuli cha kutwa, mfungulie ndani ya ua na ufunge lango.

Kibanda cha mabati kisichokuwa na upenyo wa hewa ni tanuri. Ezeka juu yake kwa makuti, matete au magunia, uache nafasi ya kiganja kati ya magunia na bati ili hewa ipite, na ukiinue sakafu kwa mawe mawili matatu. Mwagia maji ardhi iliyo chini ya mti. Mbwa atafukua kidogo na kulala hapo. Mwache afukue, hiyo ndiyo akupancha yake.

Kuhusu maji, mbwa wa kilo 20 huhitaji zaidi ya lita moja kwa siku ya kawaida, na siku ya joto kali huweza kumaliza mbili au zaidi. Mwekee vyombo viwili ili kimoja kikipinduka kibaki kingine. Karai zito au chungu kilichozikwa nusu ardhini hufaa kuliko plastiki. Ninajua maji Isiolo hununuliwa kwa mtungi miaka ya ukame, na ninajua pia kwamba nyumba nyingi za Kiislamu hazimtaki mbwa karibu na vyombo vyao. Chombo chake kiwe chake, nje. Wazee wa dini wenyewe watakukumbusha kisa cha mtu aliyeshuka kisimani na kumtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa madhambi.

Mazoezi yafanyike alfajiri. Lami ya barabara ya Moyale, ambayo kipande chake cha kutoka Isiolo hadi Mto Merille kilijengwa na kampuni ya Kichina ya China Wu Yi, ni nzuri kwa magari, lakini adhuhuri joto lake hupita nyuzi 50. Weka mgongo wa kiganja chako juu yake. Usipoweza kuhesabu hadi saba, mbwa asipite hapo.

Na usimwache ndani ya gari lililoegeshwa. Hata dirisha likiwa wazi kidogo, dakika kumi zinatosha kulifanya gari jiko.

Akizidiwa

Dalili za kuzidiwa na joto ni kuhema kwa nguvu bila kutulia hata akiwa kivulini, mate mazito ya kunata, ufizi na ulimi mwekundu sana, kuyumba, kutapika au kuhara, pengine kwa damu. Baadaye ufizi hugeuka kijivu au buluu, akaanguka, akatetemeka.

Usimkimbize kwanza kwa daktari. Mpoze kwanza, ndipo uende. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, hasa tumboni, kifuani na mapajani, na mtu mwingine ampepee kwa kadibodi au feni. Maji ya bomba au ya mtungi yanatosha. Zamani tuliambiwa tusitumie maji baridi eti yatamletea mshtuko; wataalamu wameliacha fundisho hilo. Mbwa kijana mwenye afya unaweza hata kumtumbukiza ndani ya pipa la maji, kichwa kikiwa nje na wewe umemshika. Usimfunike kwa taulo lililolowa ukaliacha juu yake, kwani baada ya dakika chache taulo hushika joto likawa blanketi. Chuo cha Royal Veterinary College cha London kilichunguza mambo haya na kutangaza mwaka 2023 kwamba kiasi cha mbwa mmoja tu kati ya watano ndiye aliyepozwa kabla ya kupelekwa kwa daktari, na taulo ndilo lililotumiwa zaidi. Mbwa akiwa na fahamu mpe maji kidogo kidogo. Asiyejifahamu usimtilie maji mdomoni, yatamwingia mapafuni.

Ukiwa na kipimajoto cha njia ya haja, acha kummwagia maji akifika karibu nyuzi 39.5, maana ataendelea kushuka mwenyewe. Kisha mpeleke kwa daktari hata kama amesimama na kutikisa mkia. Figo na damu huweza kuharibika siku moja au mbili baadaye.

Madaktari wa Kichina huwatoboa mbwa wa namna hii kwenye ncha za masikio ili damu itoke, wakiamini joto litatoka nayo, na kuwachoma sindano kwenye mfereji ulio chini ya pua ili kuwazindua. Jambo la kutoa damu si geni kwa jamii zetu za wafugaji, ambao huwapiga ng'ombe na ngamia mshale shingoni. Lakini nimekwisha kukuambia kwamba joto huizuia damu ya mbwa kuganda. Jeraha dogo laweza kutokwa na damu bila kukoma. Achia mkono uliosomea, nawe ushike mtungi wa maji.

Ni jua au ni kichaa?

Jambo la mwisho ndilo zito. Mtaani mbwa anayeyumba na kutokwa na mate wakati wa jua kali huitwa kichaa, akapigwa mawe mpaka afe. Mara nyingine huwa ni kiu tu. Lakini mara nyingine mwenye huruma humfuata na maji mkononi, kumbe kweli ana kichaa. Jua haliwezi kuleta kichaa cha mbwa. Kichaa ni virusi, huletwa na mate ya mnyama mgonjwa, na huja msimu wowote.

Zitenganishe hivi. Joto humpata mbwa katika saa chache, baada ya jua, mbio au gari, naye huhema kwa nguvu. Kichaa hubadilisha tabia yake kwa siku kadhaa: aliyekuwa mpole huuma, aliyekuwa mkali hujificha, sauti hubadilika, taya hulegea, na kumeza humshinda kana kwamba ana mfupa kooni. Usitie mkono mdomoni mwake kutafuta mfupa huo. Ukiwa na shaka, mmwagie maji kwa mbali na umwite afisa wa mifugo wa kaunti.

Chanjo ya mbwa hutolewa akifika miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka au kama daktari atakavyoelekeza. Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Chanja asubuhi, kabla jua halijawa kali, maana foleni ya chanjo juani huleta ugonjwa mwingine.

Mtu akiumwa, au mate yakiingia penye mchubuko, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa akiwa ni wa kujulikana, asiuawe na kutupwa. Afungwe mahali salama penye kivuli na maji, atazamwe kwa siku kumi. Zikipita naye yu mzima, mate yake hayakuwa na kichaa siku aliyouma, na daktari ataamua kama sindano zilizobaki zikomeshwe. Lakini sindano ya kwanza haingoji siku hizo kumi.